Maswali na majibu: pesa inavyopunguza magari kwenye mbio za viwanja vifupi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu mbio za magari za viwanja vifupi Marekani, zile za Jumamosi usiku kwenye miji midogo, katika njia ya mviringo isiyofika hata maili moja. Wasomaji wetu wengi wanaishi huko, na wengine wameshaanza kushika spana. Karibu wote mnalia na jambo moja: gharama zinapanda, magari yanapungua.

Shikamoo. Nipo Des Moines, Iowa. Mfanyakazi mwenzangu hunipeleka uwanjani Jumamosi. Ratiba ina madaraja sita ya magari, lakini daraja moja lina magari matano, jingine manane. Jukwaani tunajaa, na bado mwenye uwanja analalamika. Hasara anaipata wapi?

Marahaba. Anaipata lango la nyuma. Wewe umelipa kiingilio cha jukwaani, lakini dereva na mafundi wake nao hulipia kuingia eneo la magari, na kwa kawaida hulipa zaidi yako. Tuseme gari moja linakuja na watu watano, kila mmoja dola 35. Hizo ni dola 175 kabla injini haijawashwa. Yakikosekana magari 20, zimekosekana dola 3,500 usiku huo, na viwanja vingi vidogo hutegemea pesa hizo hizo kuwalipa madereva zawadi. Kisha jukwaa nalo linafuata, kwa sababu hakuna atakayelipa mwezi mzima kutazama magari matano yakifuatana.

Madaraja sita ndiyo ugonjwa wenyewe. Kila kundi likilalamika kwamba limezidiwa, mwenye uwanja analifungulia daraja lake. Madereva hawajaongezeka, wamegawanywa tu. Halafu angalia kanuni. Gari la Late Model, yaani gari la mbio lililojengwa mahususi kwa viwanja hivi, lina sura zisizopungua tatu: Late Model Stock la Virginia na Carolina mbili, Pro Late Model, na Super Late Model. Kulihamisha gari kutoka kundi moja kwenda jingine ni kazi ya gereji na pesa nyingi. Unakuta viwanja viwili, mwendo wa nusu saa, kila kimoja na uzito wake, kabureta yake na tairi zake. Dereva anachagua kimoja. Mvua ikinyesha kwake, anakaa nyumbani kutazama televisheni badala ya kwenda kwa jirani. Ningepewa mamlaka ya siku moja, ningewafungia wenye viwanja vya jirani chumba kimoja mwezi Novemba mpaka watoke na kitabu kimoja cha kanuni, kisha kisiguswe miaka mitatu.

Mimi ni fundi magari Louisville, Kentucky. Nasikia injini za kiwandani zilizofungwa lakiri ndizo zilizookoa mchezo huu. Mbona bado naona watu wanauza matrela yao?

Yote mawili ni kweli, fundi. General Motors huuza injini mbili ambazo kila mtu wa viwanja hivi anazijua kwa tarakimu za mwisho za namba ya spea: 602 na 604. Zote ni V8 za inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7. Ya kwanza ina silinda hedi za chuma na nguvu za farasi 350 hivi, ya pili ina hedi za aluminiamu na farasi 400 hivi. Zinatoka kiwandani zikiwa na bolti maalumu ambazo kichwa hukatika zinapokazwa, kikabaki kipande laini ambacho spana haikishiki. Ukitaka kuingia ndani lazima uiharibu bolti, na mkaguzi akimulika tochi ataona. Ukilinganisha na injini ya Super Late Model iliyojengwa na bingwa, ambayo yaweza kupita dola 30,000, hiyo 602 ni sehemu ndogo tu ya bei hiyo, tena haidai kufunguliwa mara kwa mara. Nafuu ipo, tena kubwa.

Tatizo ni kwamba mwenye pesa si mwenzio. Ukimzuia kuzimwaga kwenye injini, hazirudi benki. Ni kama maji, ukiziba tobo moja yanatafuta jingine. Anahamia kwenye shokapu: seti kadhaa, kila moja imepimwa kwenye mashine, na springi zinazobana mbele mpaka pua ya gari inakaribia kuparuza lami. Anakodi uwanja Jumanne kwa majaribio, mwenzake akiwa kazini. Na wapo waliozighushi bolti zenyewe, ndiyo maana baadhi ya waandaaji wa mbio waliongeza lakiri zao juu ya zile za kiwanda.

Kwa hiyo kanuni ya kubana gharama usiipime kwa bei iliyo kwenye katalogi. Ipime hivi: mtu akiongeza dola 1,000, anapata nini kwenye saa ya mzunguko? Kama hapati kitu, wengi hawatazitoa, na atakayezitoa atakuwa amejiumiza mwenyewe. Ukipandisha kidogo uzito wa chini unaoruhusiwa, vipuri vyepesi vya bei mbaya vinakosa maana. Ukiweka kifaa cha kukata cheche injini ikipita mizunguko fulani kwa dakika, injini ya bei rahisi inadumu na ya ghali haina pa kuonyesha ubavu. Shokapu zikiwa za aina moja, zisizofunguka, ile mashine ya kupimia haina kazi. Mambo haya hayana mvuto kwenye bango la matangazo, lakini hayo ndiyo yanayomrudisha dereva mwenye kazi ya mshahara.

Nawe mwenyewe unajua jambo la mwisho: kanuni ni mkaguzi. Mtu mmoja aliyechoka, saa tano usiku, akiwa na rula na tochi, hawezi kukagua madaraja sita.

Nilisikia Iowa unaweza kununua injini ya mshindi hata kama hataki. Ni hadithi?

Si hadithi. Ni kanuni ya IMCA, shirika la mbio za magari lililoanzishwa mwaka 1915, ambalo mwaka 1979 lilianzisha daraja lake la Modified, magari yenye magurudumu ya mbele yaliyo wazi, kwenye viwanja vya udongo vya jimbo hilo. Mbio zikiisha, dereva aliyemaliza nyuma ya walioongoza anaweza kudai injini ya mmoja wao kwa bei iliyoandikwa kwenye kanuni. Kwa miaka mingi bei hiyo ilikuwa dola mia kadhaa tu, na hata ilipopandishwa ilibaki karibu na dola 1,000. Anayekataa kuuza anapoteza zawadi na pointi, na anaweza kusimamishwa.

Injini zinazodaiwa kweli si nyingi. Kazi inafanywa na hofu: nani ataweka injini ya dola 20,000 mahali ambapo kijana aliyekasirika anaweza kuondoka nayo kwa elfu moja? Naipenda kanuni hii kwa sababu haihitaji mkaguzi mwerevu. Kasoro yake ni ya kibinadamu. Kwenye uwanja ambao kila mtu ni shemeji wa mwenzake, watu huoneana haya kudai, au hudai kwa kulipiza kisasi. Ndipo injini yenye lakiri inapopata nafasi, na IMCA yenyewe imeiruhusu kuwa njia mbadala.

Natokea Bukavu, sasa niko Ohio, nasaidia timu moja kubadili tairi. Kila juma tunanunua mpya nne. Hivi hakuna namna?

Ipo, ila wenye viwanja wengine huiogopa kwa sababu nao huuza tairi. Injini unanunua mara moja, lakini tairi zinakula mshahara kila Jumamosi. Tairi laini ina kasi ya ajabu mizunguko ya mwanzo, kisha inaisha makali, kwa hiyo anayenunua mpya kila juma anakuwa mbele na wengine wanalazimika kumfuata. Dawa ni mbili zinazokwenda pamoja: mpira mgumu, na kikomo cha tairi mpya kwa usiku mmoja, mbili kwa mfano, huku namba ya kila tairi ikiandikwa pamoja na namba ya gari ili hizo nyingine mbili zitoke kwenye zile ulizokwisha kutumia. Modified za IMCA zina aina moja ya tairi, ya kampuni ya Hoosier, yenye mhuri wa shirika, na magari yanajaa.

Utakutana pia na wanaozilowesha tairi kwa kemikali ili zilainike. Mkaguzi ana kipimo kidogo kama saa ya mfukoni chenye ncha chini. Anakibonyeza kwenye mpira, mshale unasoma ugumu. Kama tairi zenu zinasoma 55 na za jirani, zilizotoka boksi moja na zenu, zinasoma 45, hapo pana maswali. Kipande kinakatwa na kupelekwa maabara. Mkaguzi mzoefu huanza na pua kabla ya kipimo, maana nyingi ya dawa hizo hunuka.

Uwanja wa kwetu North Carolina umetangaza dola 10,000 kwa mshindi. Hii si ndiyo njia ya kuleta magari?

Kwa usiku mmoja, ndiyo. Mbio kubwa kama Snowball Derby ya Pensacola, Florida, iliyoanza mwaka 1968, na Oxford 250 ya Maine, iliyoanza mwaka 1974, huvuta madereva kutoka mbali sana, na pale Oxford aliye mbele hupata dola 100 kwa kila mzunguko anaoongoza. Hizo ni sikukuu. Ukifanya hivyo kila mwezi, wanakuja wasafiri wenye matrela marefu, wanachukua pesa, na dereva wenu aliyemaliza wa 14 anarudi na dola 100 na bampa lililopinda.

Chukua hizo 10,000, mpe mshindi 2,500, na 7,500 zinazobaki zishushe chini. Magari 25 nyuma yake yatapata 300 kila moja, angalau pesa ya tairi moja na mafuta ya kurudi. Mshindi angekuja hata hivyo. Wa 14 ndiye anayefikiria kuacha.

Na kama uko karibu na Winston-Salem, nenda uwanja wa Bowman Gray ukajifunze. Ni robo maili inayozunguka kiwanja cha mpira wa Kimarekani, na NASCAR, shirika kubwa la mbio za magari Marekani, wanashindana hapo kila msimu wa joto tangu mwaka 1949, wakiacha mwaka 2020 wa korona. Madaraja ya kila juma ni manne tu: Modified, Sportsman, Street Stock na Stadium Stock. Watu wanajua nani alimgonga nani Jumamosi iliyopita na wanakuja kuona kama atalipa.

Niko Nairobi, hushiriki autokrosi. Tuazime lipi hapo?

Machache. Ninyi mnashindana zaidi na saa kuliko kugombania kona bampa kwa bampa, kwa hiyo bodi zenu hazifi kwa kasi ileile. Azimeni kanuni zisizobadilika na tairi za aina moja kwenye daraja la chini. Ile ya kudai injini ya mwenzako, hapana. Mtafikishana mahakamani.

Kijana wangu ana miaka 16, anataka kuanza. Tuna dola 4,000. Tununue nini?

Usinunue gari la Late Model la mkononi hata likiwa la bei nafuu. Spea zake ndizo zitakazokumaliza. Nenda daraja la silinda nne: Honda Civic, Chevrolet Cavalier, Dodge Neon, Ford Focus, gari lililotoka yadi ya vyuma chakavu. Au kama uwanja wenu una daraja la Ford Crown Victoria, hilo ni zuri zaidi. Mengi yalikuwa ya polisi, yote yana V8 ya lita 4.6, na yanafanana kiasi kwamba hakuna cha kununua cha kumzidi jirani. Ubaya ni kwamba Ford waliacha kuyaunda mwaka 2011, hivyo yaliyo mazima yanazidi kuadimika.

Kati ya hizo 4,000, tenga kwanza za kiti, mikanda, helmeti, nguo ya kuzuia moto na kifaa cha kushika shingo. NASCAR walikifanya kifaa hicho cha lazima Oktoba 2001, miezi minane baada ya dereva maarufu Dale Earnhardt kufa kwenye mbio za Daytona. Viwanja vingi vidogo bado havikilazimishi. Wewe mlazimishe. Mikanda usinunue iliyotumika bila kusoma lebo. Yenye cheti cha kawaida cha SFI, shirika la viwango vya usalama wa vifaa vya mbio, huhesabiwa miaka miwili tu tangu ilipotengenezwa, na ile iliyoning'inia gerejini kwa muuzaji inaweza kuwa imeshapitwa kabla hajatoa bei. Kitakachobaki hapo ndicho cha gari.