Kusafisha mkanda nyumbani Kigoma: maswali yenu

Wengi mmeanza kusafisha wenyewe mikanda ya picha nyeusi na nyeupe, na maswali yamejaa. Leo najibu haya.

Shikamoo mwalimu. Nyumba yangu ni vyumba viwili na watoto wamo humo humo. Chumba cha giza nitakipata wapi? (Msomaji, Gungu)

Marahaba. Giza unalihitaji dakika chache tu: kuutoa mkanda kwenye kasha, kuuzungusha kwenye rili (gurudumu la kushikilia mkanda) na kufunga kifuniko cha tangi, chombo cha kusafishia kisichopitisha mwanga. Baada ya hapo washa taa. Fanya usiku, ziba dirisha kwa blanketi, khanga chini ya mlango. Kaa kidogo, macho yakizoea ukaanza kuona vidole vyako, bado hapajawa giza. Taa nyekundu ni ya karatasi za kuchapia picha, mkanda wa kawaida inauunguza. Fanya mazoezi kwanza mchana kwa mkanda uliokwisha muda, kisha ukiwa umefumba macho. Rili ya plastiki ikiwa na unyevu mkanda hukwama, kwa hiyo ikauke kabisa.

Maelekezo yanasema dawa iwe na joto la nyuzi 20. Maji ya bomba huku Mwanga mchana ni vuguvugu. Nifanyeje?

Hapa ndipo mikanda mingi inapoharibikia kwetu, kuliko kwenye giza. Devalopa, yaani dawa inayotokeza picha, ikipata joto hufanya kazi haraka: picha zinakolea kupita kiasi na weupe wote unaziba. Una njia mbili. Ya kwanza ni kupoza. Changanya dawa alfajiri kwa maji ya mtungi wa udongo, kisha uweke chupa zote ndani ya beseni la maji yenye barafu. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe.

Ya pili ni kukubali joto na kupunguza muda. Mkanda wa HP5 Plus ndani ya devalopa ya ID-11 isiyoongezwa maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 inashuka hadi dakika 5 na kidogo. Ukishuka chini ya dakika 5 mkanda unaweza kutoka na mabaka. Ndiyo maana nawasihi muichanganye dawa na maji nusu kwa nusu: kwa nyuzi 20 ni dakika 13, kwa nyuzi 24 ni karibu 9, na hapo una nafasi ya kutikisa tangi kwa utulivu, mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Fiksa, dawa inayofuata ili picha isiharibiwe na mwanga, na maji ya kusuuzia yawe na joto lile lile. Kipimajoto ndicho kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya tangi.

Suuza ya mwisho tumia maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi. Soma lebo vizuri. Maji ya ziwa letu yana chumvichumvi na huacha madoa mkanda ukikauka.

Ni kweli kahawa inasafisha picha?

Kweli kabisa. Scott Williams na wanafunzi wake wa Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha hivyo mwaka 1995. Kwa lita moja: soda ya kufulia gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa ya kuyeyuka gramu 40, dakika 15 kwa nyuzi 20. Magadi ya maharage badala ya soda hiyo yamechanganyika na vitu vingine, usiyaamini kwa picha za harusi. Fiksa bado utaihitaji.

Mkanda wangu umetoka mweupe kama kioo. Dawa mbovu?

Tazama kingo zake. Namba zikisomeka, dawa ni nzima. Mkanda haukushika ndani ya kamera, haukupigwa hata picha moja. Kingo zikiwa tupu, devalopa imekufa au ulitanguliza fiksa. Kabla ya kila kazi tumbukiza kipande cha ncha ya mkanda kwenye devalopa, taa ikiwaka. Kisipogeuka cheusi, usiendelee.

Fiksa iliyotumika naimwaga wapi?

Siyo kwenye mtaro. Ina madini ya fedha yaliyotoka kwenye mkanda, ni sumu kwa viumbe wa majini, na mitaro yetu inateremkia ziwani. Inatumika tena mara nyingi. Ikichoka, iloweke na stili waya ya kusugulia sufuria kwa siku kadhaa. Fedha itatuama kama tope jeusi. Chupa iandike jina, isiwe ya soda, na iwe juu watoto wasipofika.