Mita ya RPM kwenye Corolla ya platini: waya wa kijani unaungwa wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Corolla KE70 yenye injini ya 4K, bado inatumia platini. Nimepata mita ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ya mtumba yenye nyaya nne: mwekundu, mweusi, mweupe na wa kijani. Jirani alinishauri niuchubue ule wa kijani niuzungushie kwenye waya wa plagi namba moja. Mwingine akasema niunge kwenye koili. Nilifuata wa koili. Gari likawaka kidogo, likazima, na halikuwaka tena mpaka nilipouchomoa. Mita ni mbovu, au mimi ndiye niliyekosea kuunga?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Ushauri wa waya wa plagi uache kabisa. Waya ule unabeba umeme wa volti 15,000 na zaidi. Ukiuzungushia waya uliochubuliwa, umeme unaweza kuruka hadi kwenye mita ukaiunguza, na kama umeishika, utakupiga na wewe. Zipo mita za gereji zinazobanwa juu ya waya wa plagi, lakini hizo zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Yako siyo.

Aliyekuelekeza kwenye koili alisema kweli. Koili, inayozalisha umeme wa cheche, ina vichwa viwili vidogo. Kwenye + unaingia umeme kutoka kwenye swichi. Kichwa cha − kinakwenda kwenye platini, yaani vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa. Platini zikigusana, umeme unapita kwenye koili na kwenda bodi. Zikiachana, umeme unakatika ghafla na plagi inapiga cheche. Mita inahesabu kule kukatika. Injini ya silinda 4 hupiga cheche 2 kila krenki inapozunguka mara moja, kwa hiyo ikienda mizunguko 800 kwa dakika, mita inahesabu 1,600.

Sasa angalia kilichokupata. Waya wa kijani ukiwa kwenye − ya koili, na mahali fulani ukagusa bodi, ni sawasawa na platini zilizogusana zikagoma kuachana. Hakuna cheche, na injini inazima hapo hapo. Ukiiacha swichi ikiwa imewashwa huku unatafuta tatizo, unaiua koili: koili ya omu 3 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampia 4 mfululizo, na wati 48 zote zinageuka joto. Kwa hiyo kila unapochunguza, zima swichi, tena uchomoe kichwa cha − cha betri. Huo waya wa kijani, ingawa ni mwembamba, umekuwa sehemu ya mfumo wa kuwasha injini. Ukiufunga ovyo, gari litakuzimikia njiani usiku huku mita yenyewe ni nzima.

Ili ujue kosa liko wapi, chomoa wa kijani kwenye koili, kisha pima kwa multimita, ikiwa kwenye omu, kati ya ncha yake na bodi. Ukisoma karibu na sifuri, kuna shoti. Chomoa na upande wa mita, upime tena. Sifuri ikibaki, waya umechubuka. Ikitoweka, mita imeungua ndani na usiirudishe kwenye gari. Mahali pa kwanza pa kutazama ni lile tundu la bati unapopitia waya kutoka kwenye injini kuingia kwenye dashibodi. Bati lile lina ukingo mkali, na gari linapotikisika hukata plastiki ya waya kidogo kidogo. Weka mpira wa tundu, hata kama ni wa kukata kwenye mpira wa tyubu.

Kuunga kwenyewe, tumia kichwa cha duara kilichobanwa vizuri, usisokote nyuzi za waya chini ya nati. Pitisha waya mbali na bomba la moshi, na mbali na nyaya za plagi ili sindano ya mita isirukeruke. Mimi huongeza rezista ya omu 10,000, ya nusu wati, karibu kabisa na koili. Waya ukija kugusa bodi, kinachopita ni miliampia moja tu na injini inaendelea kunguruma. Mita chache hukataa kusoma kupitia rezista. Ikiwa yako ni mojawapo, itoe rezista, lakini hapo ulinzi wako wote ni jinsi ulivyopitisha waya.

Kwa kawaida mweusi ni wa bodi, mweupe ni wa taa za dashibodi, na mwekundu ni wa umeme wa swichi. Kwa kuwa mita ni ya mtumba, hakikisha rangi hizo hazikubadilishwa. Mwekundu uchukue kwenye kisanduku cha fyuzi, kupitia fyuzi ya ampia 1 au 2. Watu wengi huunga kwenye + ya koili kwa sababu iko jirani. Kwenye magari yenye rezista kabla ya koili, umeme wa pale hushuka chini ya volti 12 injini inapotembea, na mita husoma uongo.

Mwisho tazama nyuma ya mita kama ina kiteuzi cha 4, 6 na 8. 4K bila kukanyaga mafuta inatakiwa iwe karibu na mizunguko 750 kwa dakika. Ukiona 500, kiteuzi kiko kwenye 6.

Wenye magari mengine wasiige maelezo haya moja kwa moja. Dizeli haina koili ya cheche kabisa. Mita yake huchukua ishara kwenye kichwa cha W cha altaneta, kama kipo. Mfumo wa CDI, unaotoa cheche kwa umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita, hupeleka volti mia kadhaa kwenye koili, kwa hiyo tumia waya wa mita uliotolewa kwenye kisanduku chake. Na Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani kuna tundu la IG−, ambalo liliwekwa kwa ajili ya mita ya RPM.