Finchi wanaofukia mayai yao

Ndugu, kama finchi milia wako, wale ndege wadogo wa kufugwa tunduni, wametaga, wakayafukia mayai kwa nyasi na kuanza kutaga juu yake, tatizo ni hizo nyasi. Dume akiziona huendelea kujenga tu. Ondoa zote zilizobaki tunduni, manyoya pia, ila kiota chenyewe usikichokonoe, wasije wakakisusa.

Jike mpe maganda ya mayai ya kuku, yachemshwe na kusagwa. Akikosa kalsiamu, yai laweza kumkwama tumboni, na hapo aweza kufa upesi.

Dume na jike huatamia kwa zamu, siku 12 hadi 14 hivi. Usihesabu tangu yai la kwanza. Aghalabu huanza kwa dhati baada ya la tatu au la nne. Vifaranga wakitoka, ongeza yai la kuchemsha lililopondwa, na masalio yatoe kabla hayajachacha.