Re: Baiskeli ya Peugeot ya zamani kuvalishwa ringi za 650B
Mkuu, umeuliza kama baiskeli yako ya Peugeot ya miaka ya 1970, yenye ringi za saizi ya 700C, itakubali ringi ndogo zaidi za 650B na tairi nene. Mara nyingi inakubali, ila breki ndiyo kizingiti. Pale tairi linapokaa, ringi ya 700C ina kipenyo cha milimita 622 na 650B ni 584, kwa hiyo raba za breki lazima zishuke milimita 19. Pima kwanza kutoka tundu la bolti ya breki hadi ringi mpya itakapofika, kabla hujanunua chochote! Breki ya Tektro R559 inafika milimita 73. Kimo cha gurudumu usihofu: 650B yenye tairi la upana wa milimita 42 inalingana na 700C yenye tairi la 23. Kinachobana ni upana wa fremu nyuma ya pedali. Pengine utaishia tairi la 38.