Kyubiti ngapi kwenye laptopu yangu?

SWALI: Nasoma fizikia hapa Masasi. Nilijaribu kuigiza kompyuta ya kwanta yenye kyubiti 30 kwenye laptopu ya RAM GB 8, ikaganda. Imeharibika? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Haijaharibika, ndugu, umeibebesha lumbesa. Kila kyubiti (biti ya kompyuta ya kwanta, inayoweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1) unayoongeza huzidisha mzigo mara mbili. Kyubiti 30 zinadai namba 2³⁰, na kila namba hula baiti 16: jumla GB 16 hivi. RAM ikijaa, mashine huanza kukopa nafasi kwenye diski, na diski ni kobe. Ishia kyubiti 27, yaani GB 2. Ya 28 inataka GB 4. Funga kivinjari kwanza. Ukitumia namba za baiti 8 unapata kyubiti moja ya ziada, ila usahihi unapungua.

Lakini 30 za nini? Anza na 2. Kwenye Qiskit, programu ya kuandikia hesabu za kwanta, weka geti H (huifanya kyubiti iwe 0 na 1 nusu kwa nusu) kwenye kyubiti 0, kisha CNOT (geti inayogeuza kilengwa pale tu kidhibiti kinapokuwa 1), kidhibiti kikiwa kyubiti 0 na kilengwa kyubiti 1. Pima mara 1,000: utapata 00 karibu 500 na 11 zilizobaki. Ukiona 00 na 01, umegeuza kidhibiti na kilengwa. (Qiskit huandika kyubiti 0 kulia kabisa, hapo wengi hujikwaa.)

Ukishapakua programu, intaneti haihitajiki tena. Ila joto la mchana wa Novemba hupunguza kasi ya prosesa, kwa hiyo hesabu nzito ziachie usiku.