Gari likigoma kutembea, usikimbilie kusema gia boksi imekufa

Desemba iliyopita nilikuwa natoka Urambo kurudi Tabora mjini na Prado ya zamani, ile ya otomatiki yenye foo wili ya kudumu, nyuma nimepakia madumu ya asali. Tulipopita Usoke nikasikia "kwaa!" chini kwa nyuma, kisha mlio kama wa mtu anayesaga kokoto. Injini inalia vizuri, nakanyaga mafuta, lakini gari likazidi kupoa mwendo hadi likasimama. Nikatia D, nikatia R, nikashusha hadi L. Halisogei.

Fundi wa jirani alikuja na pikipiki, akasikiliza injini inavyolia bure, na kabla hajainama akasema: "Dada, hiyo gia boksi imekufa. Tafuta nyingine." Ningekuwa sina wa kumuuliza ningekubali, na hilo linaniuma hadi leo ninapowaona watu wanauza vitu vyao kununua gia boksi wasiyoihitaji. Nikampigia mzee mwenye gereji kule Isevya, aliyekuwa akitengeneza magari ya marehemu baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kwanza angalia ule mti wa transfa, usije ukawa umerukia N. Halafu tia D, kanyaga kidogo. Mshale wa spidi unasemaje?"

Mti huo, yaani lever ya transfa (kisanduku nyuma ya gia boksi kinachogawa nguvu mbele na nyuma), ulikuwa mahali pake. Gari limesimama palepale, lakini mshale ulipanda hadi 20.

"Basi gia boksi haina kosa. Nguvu inatoka, inapotelea njiani."

Prado yangu inasoma spidi kwenye transfa, siyo kwenye magurudumu, kwa hiyo mshale ukipanda ujue nguvu imeshavuka gia boksi. Kutoka kwenye transfa inagawanyika: propela moja (shafti ndefu ya chini ya gari) inakwenda mbele, nyingine nyuma, na kila moja inaishia kwenye difu, yale meno ya kati ya ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Katikati ya transfa kuna difu nyingine ndogo, na tabia ya difu ni kupeleka nguvu kule isikokutana na mzigo. Upande mmoja ukikatika, nguvu yote inakimbilia huko. Upande usiokatika unabaki bila kitu, na gari zima linalala.

Mzee akanituma nipime stiki ya hidroliki ya gia boksi injini ikiwa inawaka. Ilikuwa nyekundu, imefika alama, haina harufu ya kuungua. Kisha akasema nivute hendibreki, niweke mawe pande zote mbili za magurudumu, nitie D, na mtu mmoja achungulie kutoka pembeni. Hapo alipaza sauti: mtu asiingie chini! Ukiwa na ubovu wa namna hii hata P haiwezi kulishika gari, maana P inafunga shafti ndani ya gia boksi, na kuanzia pale palipokatika magurudumu yako huru.

Kijana wangu akachuchumaa kando ya barabara. "Ya nyuma inazunguka, dada! Matairi hayazunguki!"

Propela inazunguka, ekseli imetulia: ubovu umo ndani ya difu ya nyuma au kwenye ekseli zake. Mzee akamtuma kijana wake na spana kwa basi la jioni. Alipiga jeki, akazungusha magurudumu ya nyuma kwa mkono kuhakikisha hayakwami, akafungua boliti za propela ya nyuma na kuitoa yote. Kisha akasogeza mti wa transfa hadi HL, unaofunga ile difu ya kati. Gari likaondoka kwa magurudumu ya mbele peke yake. Tuliingia Tabora usiku, polepole.

Kwa wenye gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, anza na shafti za mbele. Tazama kama buti (mpira unaofunika) ya CV joint, kile kiungo cha shafti karibu na gurudumu, imechanika na grisi imerukia ndani ya rimu, na kumbuka kama ulikuwa unasikia "tak tak" ukikata kona.

Kwangu mimi dalili zilikuwepo. Kwa wiki tatu kabla ya hapo, nyuma ya gari palikuwa na mvumo uliobadilika sauti kila nilipoachia mafuta, na difu ilikuwa imelowa vumbi lenye oili pale propela inapoingia. Nikadhani ni matope ya mvua. Ilikuwa sili ya pinioni, ile gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela, inavuja. Asubuhi mzee alipofungua nati ya chini akakinga kopo, ikatoka oili nyeusi isiyojaza kikombe cha chai, na ndani yake meno matatu ya pinioni. Difu ile inabeba zaidi ya lita mbili.