Re: Beetle ya 1969, spika za mbele niweke wapi?

Salama mkuu. Umekwama kati ya kukata milango na kutafuta pengine, maana hutaki kuharibu bati la asili.

Kabla ya kushika msumeno, toa kava la mlango, shusha kioo mpaka mwisho, ndipo upime nafasi iliyobaki. Mimi nilipima kioo kikiwa juu! Spika ziliingia vizuri kabisa, kioo kiliposhuka kikagonga sumaku ya nyuma ya spika. Tundu bado lipo, nimelifunika tu.

Sasa zangu zipo ubavuni mwa miguu, mbele ya mlango, kwenye vibao vya plaiwudi nilivyovalisha kapeti. Sijakata bati popote. Goti la dereva linaziba sauti kidogo, lakini angalau ni pakavu. Mlangoni maji ya mvua hupenya kwenye mpira wa kioo na kuozesha koni za karatasi za spika. Ukilazimika kuweka huko, zikinge kwa plastiki kwa juu.

Angalia pia waya za chanya na hasi zisibadilishane kwenye spika ya upande mmoja, besi itapotea ukadhani spika mbovu. Ile spika moja ya dashibodi usiifungie waya za kulia na kushoto pamoja, unaweza kuunguza redio. Za milango ya nyuma siwezi kukushauri, Beetle haina 😄